Kofia Iliyorudi Peke Yake

Sijapata kumwona mtu Kilindoni aliyevaa nguo ya Fundi siku aliyoahidiwa. Ukienda kuulizia kanzu yako atakwambia kesho inshallah, na kesho hiyo itazaa kesho nyingine, mpaka asubuhi ya Idi, watu wamekwisha koga na kujifukiza, ndipo utamkuta anakata uzi wa mwisho kwa meno huku wewe umesimama barazani kwake na fulana. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana namsifia mtu. Kwa kesho zake, Fundi alikuwa mwongo mkubwa. Lakini mtu huyohuyo, ukimletea habari, hakukubali hata neno "juzijuzi". Juzi ipi? Kabla ya adhuhuri au baada yake? Ulijuaje, uliona kivuli au uliambiwa?

Alikuwa mshona nguo, na tena alikuwa mwandishi wa gazeti. Siku hizo za Mwingereza kulikuwa na gazeti la Kiswahili lililotoka Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, likikusanya habari za watu wa kila upande: huku mvua zimeharibu mashamba, kule simba kaingia zizini, pale jumbe kaozesha binti yake. Habari za Mafia zilikuwa za Fundi. Hakuna aliyemwajiri. Alianza mwenyewe tu, akapeleka habari yake ya kwanza, na gazeti likaitoa kwa mistari miwili. Habari yenyewe ilikuwa kwamba minazi ya Miburani imepigwa na radi. Alikikata kile kipande akakibandika kando ya kioo ambacho wateja walijitazamia, na kila ulipompelekea nguo alikwambia, "Soma kwanza hapo, halafu ujitazame."

Kando ya kipande hicho kulikuwa na karatasi nyingine iliyopigwa chapa. Wenye gazeti walimpelekea, kumfundisha yeye na wenzake wa mbali namna ya kuandika. Ilisema kila habari ijibu maswali sita: nani, nini, lini, wapi, vipi, na kwa nini. Watu wengine wangeisoma karatasi ile wakaifungia tumbaku. Fundi aliifanya kama ametumiwa yeye peke yake.

Kila asubuhi alichomeka pini sita kwenye ukosi wa shati lake, upande wa kushoto. Akisikia habari alikuuliza swali moja moja, na jibu likimridhisha, pini moja ilihamia ukosi wa kulia. Habari iliyobakisha pini kushoto haikwenda gazetini, hata uape kwa msahafu. Ile ya mwisho tu, ya kwa nini, aliweza kuisamehe. "Kwa nini ina Mwenyewe," alisema akielekeza kidole juu. "Lakini uliza. Usipouliza umekosa adabu kwa yaliyotokea."

Hila yake ilikuwa kuuliza wakati anapima. Umenyoosha mikono, utepe umekuzunguka kifuani, yeye kainama na chaki mdomoni, utakwenda wapi? Wanaume wa Kilindoni walimweleza mambo ambayo wake zao hawakuwahi kuyasikia. Nilimwambia siku moja kwamba ana mambo ya kuchokonoa. Akanijibu, "Sichokonoi, mwanangu. Napima. Nguo isiyopimwa inabana mtu kwapani, na habari vilevile."

Kuna mtu mmoja wa Juani alikuja mbio barazani pale, anatweta, kaona jini kwenye magofu ya Kua. Watu wakajaa. Fundi hakuacha hata kukanyaga cherehani.

"Kavaa nini?"

"Nguo nyeupe."

"Kanzu au shuka?"

"Kanzu, Fundi. Nyeupe pepe."

"Mikono mipana au ya kubana? Ina mfuko?"

Yule bwana akafikiri kwa dhati, maana aliulizwa na mtu wa kazi yake. "Ina mfuko ubavuni," akasema.

"Jini ana mfuko," Fundi akasema taratibu. "Wa kutia nini?"

Baraza zima lilicheka, mpaka mwenye jini naye akacheka. Baadaye ikajulikana kwamba ni mzee mmoja wa Chole aliyevuka kutafuta mbuzi wake. Lakini Fundi hakumfanyia yule bwana kejeli. Alimwambia, "Umeona mtu, hilo nimekubali. Jini umemwongeza mwenyewe ulipokuwa unakimbia." Sikujua wakati ule kwamba maneno hayo yangenifaa mimi.

Kwa maswali yake yote, yeye mwenyewe haulizwi. Tulijua kwamba vita ya Mjerumani ilimchukua akaenda bara, na kwamba alirudi. Ukimuuliza alikokwenda, atasema, "Nilikwenda mbali." Ukimuuliza aliona nini, atasema, "Miti." Ukimshikilia zaidi, atakutazama kwa miwani yake iliyofungwa na uzi mweusi, kisha atasema, "Nguo yako kesho inshallah." Basi, mazungumzo yameisha. Niliona ni kiburi. Mtu anakutia mkono mpaka mfukoni mwa roho, halafu yeye mwenyewe kajishona pande zote.

Sasa niseme lililonipata.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu niolewe na Athumani. Tulikaa Miburani, nyumba moja na mama yake, na kaka yake Bakari jirani yetu. Athumani alivuka bara kwenda kukata boriti katika mikoko ya mto Rufiji, kazi ya miezi mitatu. Alivaa kofia niliyomshonea. Kwetu kofia ya mume hushonwa na mkewe, na mume mwenye akili haazimi kofia hiyo kwa mtu yeyote, maana wanawake wote wanajua mkono wa nani umeishona. Ile yangu ilinichukua miezi mitano. Ilizungukwa na maua kumi na mawili, na ua la mwisho halikutimia kwa sababu uzi uliniishia, nikamwambia avae hivyohivyo, nitalimaliza akirudi.

Mwezi wa pili, mchana, baharia mmoja wa chombo kinachobeba boriti alifika kwetu na kifurushi cha kitambaa. Alimkabidhi mama mkwe. Alipokifungua niliona ua lile lisilotimia kabla sijaona kingine chochote.

Baharia akasema Athumani kafa maji. Mtumbwi ulipinduka mtoni siku ya Ijumaa, maiti ikaokotwa na watu wa kijiji cha pale ukingoni, nao wakamzika siku ileile. Kofia ilinasa kwenye mizizi ya mikoko. Nasikia nilipiga kelele mpaka watu wa mashamba ya pili wakaja. Mimi sikumbuki kelele. Nakumbuka nilitaka kuiweka ile kofia juani ikauke, na watu wananizuia.

Mambo ya msiba kwetu hayangoji. Kabla ya alasiri somo wangu, yule mama aliyenifunda nilipovunja ungo, alikuwa kakaa nyuma yangu ananifumua nywele. Bangili zilikwisha nitoka. Bafta nyeupe ilikuwa tayari, nivikwe, niingizwe ndani nikae eda miezi minne na siku kumi, nisionekane na mwanamume wa kuniposa. Bakari alikuwa anazunguka kutafuta mbuzi wa hitima huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa na haraka ya huruma tu, na mimi nilikuwa nimejilegeza waniweke watakapo.

Fundi alikuja kutoa pole kama watu wengine. Akakaa na wanaume barazani. Kisha tukasikia sauti yake: "Nani kamwona?"

Mama mkwe, ambaye alikuwa mtu mpole kupita kiasi, alimjibu kutoka ndani, "Fundi, huku kuna msiba. Gazeti liache Kilindoni."

"Nisamehe, dada yangu," akasema. Akaomba ruhusa ya kusema na mimi. Akaja akasimama nje ya pazia la mlango, nikaviona viatu vyake vya makubadhi chini ya pazia.

"Mwanangu, pole."

"Nimeshapoa, Fundi."

"Kofia imerudi. Kichwa je?"

Nilimchukia. Nasema kweli, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye pale. Mimi nilikuwa nimekwisha anguka chini, na mtu aliyelala chini haogopi tena kuanguka. Huyu alikuja kuniinua ili nianguke mara ya pili. Nikamwambia, "Fundi, niache nilie."

"Lia, mwanangu. Kulia hakutaki shahidi. Eda inataka."

Makubadhi yakaondoka.

Yaliyofuata nilihadithiwa na Bakari, ambaye alikuwepo. Kesho yake Fundi alimkamata yule baharia, akamwambia kwa kuwa amebeba habari nzito atamshonea shati la bure. Baharia akapanda barazani, akanyoosha mikono. Utepe ukamzunguka.

"Mtu kafa?"

"Kafa, Fundi. Wallahi." Pini ikahama.

"Siku gani?" Ijumaa. "Wapi?" Baharia akataja kijiji na mkono wa mto. "Vipi?" Mtumbwi ulipinduka, watu wa kijiji waliuona. Pini nne zikawa kulia.

"Maiti uliiona mwenyewe?"

"Nilifika Jumapili. Walikwisha mzika."

"Waliomzika walimjua?"

"Hawakumjua. Waliona ni mgeni, mmoja wa hawa wakata boriti."

"Sasa jina lake aliwaambia nani?"

Baharia alifikiri. Bakari anasema ndipo mikono ya yule bwana ilipoanza kushuka, na Fundi akampandishia, akaendelea kupima.

"Walinionyesha kofia," baharia akasema. "Nikaitambua. Hii kazi ya yule mke wa Athumani wa Miburani, ua moja halijaisha. Nikawaambia, hii kofia ya Athumani."

"Nao wakasemaje?"

"Wakasema basi, kumbe aliyekufa ni Athumani wa Miburani."

Fundi akakunja utepe wake. "Kwa hiyo wao hawakukupa jina. Wewe ndiye uliyewapa, wakakurudishia, ukatuletea sisi."

Baharia akakaa chini pale barazani, mtu mzima, akashika kichwa. Hakuwa kadanganya. Alikuwa kafanya kosa ambalo sisi wote tungelifanya, maana nani kisiwani kwetu angeiona kofia ya mkono wa mke juu ya maji akafikiri ilikuwa kichwani kwa mtu mwingine? Fundi alimshonea shati lile kweli, na lilichelewa miezi miwili.

Jioni ileile alikwenda kwa mwalimu wa msikiti. Mwalimu akasema eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mtu, si tangu siku habari ilipofika, kwa hiyo nikingoja siku chache kwa utulivu ndani ya nyumba sitapungukiwa na kitu, wala marehemu hatadhulumiwa. Hitima ikasomwa, maana mwalimu alisema kisomo hakipotei. Bafta ikakunjwa ikawekwa juu ya kabati.

Halafu Fundi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akasema anakwenda mtoni mwenyewe. Mjue kwamba Fundi hakuwa mtu wa bahari hata kidogo. Kuvuka kwenda Chole tu, maji yametulia, alikuwa anatapika mpaka wenyeji wanamcheka. Bakari akamwambia, "Andika barua, wewe si mwandishi?" Akajibu, "Barua itapita mikononi mwa watu watano, na kila mmoja atakuwa na haraka." Akafunika cherehani yake na gunia, akapanda chombo cha yule baharia. Walisema alianza kutapika kabla ya tanga kupandishwa.

Alikuwa nje siku tisa. Siku hizo sitamwombea adui yangu azione. Sikuwa mjane, sikuwa mke. Wanawake walikuja kuniliwaza wakakosa la kusema, maana pole watanipa ya nini? Nilisuka ukili wa mkeka, nikafumua, nikasuka tena. Mara namwona Athumani mzima, anacheka, nafurahi. Mara naona nimejidanganya, nikaona haya mbele ya mama yake. Somo wangu alisema Fundi kanifanyia ukatili. Sikumbishia.

Siku ya tisa, baada ya sala ya Ijumaa, nikasikia hodi. Makubadhi yaleyale chini ya pazia, yamejaa tope lililokauka. Nilitazama kama kuna miguu mingine. Hakuna.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Niulize."

"Nini?"

"Niulize kwa mpango. Nataka usikie moja moja, usije ukazimia."

Nikajikaza. "Nani?"

"Athumani."

"Kafanya nini?"

"Kaogopa."

Sikuelewa. Nikauliza swali lililonijia. "Wapi?"

"Nyuma ya jiko lako, kwenye mnazi ule wa pili. Hathubutu kuingia, kwa sababu kofia uliyomshonea alimwazima mtu."

Hayo mengine sikuyauliza. Nilitoka nje nywele wazi, bila kanga ya kichwa, mbele ya Fundi na mbele ya Bakari na mbele ya kila mtu. Na kweli, Athumani alikuwa nyuma ya mnazi, kakonda, kichwa kitupu, ananitazama kama mtoto aliyevunja mtungi. Jambo la kwanza nililomwambia mume wangu aliyefufuka lilikuwa matusi. Nilimwambia miezi mitano! Miezi mitano ya macho yangu, unampa mtu! Nampiga kifuani na kumshika hapohapo. Mama yake alikuja akatuangukia wote wawili, tukawa fungu moja pale uwanjani, tunacheka na kulia, hujui nani analia na nani anacheka. Alhamdulillahi, nilisema, na nikaisema tena mpaka ulimi ukachoka. Siku nyingi baadaye nilikuwa naamka naisikia pumzi yake, nalala tena. Athumani mwenyewe akikaa na wenzake hupenda kuuliza hitima yake ilikuwa na nyama kiasi gani.

Aliyekufa aliitwa Selemani, mtu wa upande wa Kilwa, kijana aliyeingia kambini mwao wiki mbili tu kabla. Kofia yake iliungua jikoni. Alitaka kwenda kuswali Ijumaa kijijini, na aliona haya kuingia msikitini kichwa wazi, basi Athumani akamwazima yangu. Hakurudi. Kambi yao ilikuwa ndani kabisa ya mikoko, habari za kijijini haziwafikii. Wakafikiri kachoka na kazi katoroka. Kwa hiyo siku zote zile ambazo sisi tulimlilia Athumani, Athumani alikuwa kambini anamlaani Selemani kwa wizi wa kofia. Fundi alipomkuta akamweleza, alikaa kwenye tope akalia. Hilo halimchekeshi mtu, na yeye mwenyewe halitaji.

Nilipotulia niliona haya kwa furaha yangu. Nilimwambia Fundi. Akasema, "Furahi, mwanangu, umepewa. Ila yuko mama mahali, leo hii anamtwangia mwanawe unga wa kumpikia akirudi." Aliandika barua kabla hata hajaondoa gunia kwenye cherehani. Tena akaandika nyingine. Ilichukua muda mpaka mama yule akapatikana, kijiji chake kikajulikana, na jina la baba wa Selemani. Nilimpelekea kofia. Niliifua, nikalimaliza lile ua la kumi na mbili, nikaona si vizuri kumpelekea mama wa watu kitu cha nusu.

Habari ilitoka gazetini baada ya miezi miwili. Fundi alinisomea. Ilimtaja Selemani na baba yake na kijiji chao, mto, siku, mtumbwi. Athumani hakuwamo. Nikamuuliza, "Mbona sisi hukututia?"

"Athumani hajafa," akasema. "Hiyo si habari."

Basi tuliishi naye hivyo miaka mingi, akichelewesha nguo zetu na kutuuliza maswali. Aliwaudhi watu wengi. Mudiri mmoja, mkubwa wa serikali, alimkasirikia kwa sababu Fundi alikataa kuandika habari ya daraja lake kabla daraja halijaisha. Mwenyewe alizeeka, mikono ikaanza kutetemeka, akawa anatungiwa uzi na wajukuu, ila pini zake sita alichomeka mwenyewe.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa mazungumzo marefu ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa na watoto wanne, na mvi mbili tatu. Jirani yangu alirudi kutoka Kilindoni asubuhi, akasimama mlangoni kajishika mdomo.

"Fundi katutoka."

Nikakaa. Kisha nikajisikia nasema, "Nani kakwambia?"

"Mji mzima unasema."

"Wewe umeona nini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Cherehani imenyamaza leo siku ya tatu. Na nimeona kwa macho yangu bafta nyeupe kama ya sanda, jora zima, inaingizwa ndani."

"Ndani kwa nani?"

"Kwa Fundi!"

"Kwa mshona nguo," nikasema.

Hata hivyo moyo wangu haukutulia, maana mtu wa umri ule anaweza kufa kweli, na bafta ikawa ya sanda yake. Nikavaa buibui nikaenda. Barazani kwake walikwisha kaa wanaume kama sita, kimya, tasbihi mkononi, hakuna aliyeingia ndani kuuliza. Nikapita, nikapiga hodi uani.

Alikuwa kwenye kiti cha kamba anakula muhogo wa nazi.

Nikamsogelea. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona unalia, mwanangu?"

"Wanasema umekufa."

Akaweka sahani chini, macho yakamng'aa kama ya mtu aliyeletewa kitambaa kizuri. "Nani anasema?" Akanifanya nimweleze yote: nani, lini, wapi walipokaa, vipi walivyojua. Cherehani ilikuwa imekatika mkanda, kaupeleka kwa mtu. Bafta ilikuwa ya kanzu za Idi. Alicheka mpaka akakohoa. Pini tano zikahama. Nje nilisikia wale wanaume wanaanza kunong'ona, maana maiti inacheka.

"Imebaki moja," akasema.

"Hiyo nitakuuliza wewe," nikasema. "Miaka ile ulikwenda mtoni ukitapika njia nzima kwa ajili ya mtu asiye ndugu yako. Kwa nini?"

Nilitegemea aniambie kesho inshallah.

"Vita ya Mjerumani tulichukuliwa wawili kutoka hapa, tukawa wapagazi," akasema. "Mwenzangu akaugua, akaachwa njiani. Baada ya siku kadhaa nikaona watu wanazikwa kando ya njia, mmoja kafunikwa blanketi lake. Nililijua. Lilikuwa na kiraka nilichokishona mimi. Sikufunua. Niliporudi nikamwambia mama yake."

"Naye?"

"Mwenzangu alirudi mwaka wa pili, mzima. Mama yake hakumngoja, tulikuwa tumekwisha mzika."

Nikamuuliza kama yule mwenzake alimsamehe.

"Alisema kasamehe. Sikumuuliza zaidi. Mtu na maswali yake yote, hilo likanishinda."

Pini ya sita ilikuwa bado kwenye ukosi wa kushoto. Aliigusa, ikamponyoka. Nikainama nikaichomoa mimi, nikaichomeka kulia pamoja na wenzake, na yeye akashusha pumzi, akaichukua sahani yake akaendelea kula. Kisha akasema nitoke nikawaambie wale barazani waende nyumbani, lakini asibanduke mwenye kitambaa cha kupimwa.

Nilirudi Miburani kwa miguu, nyepesi kama nimetua mzigo wa kuni. Athumani alikuwa amekaa mbele ya nyumba, juani, anasokota kamba. Kavaa kofia yake, ile ya pili, ambayo haijapata kuazimwa mtu. Aliposikia mchakacho wa buibui akainua macho kwa huzuni.

"Mmemzika saa ngapi?"

"Nani?"

"Si Fundi."

"Fundi nimemwacha anakula muhogo."

"Sasa huyo aliyesema kafa..."

Nilimwendea, nikamvua kofia, nikaweka kiganja utosini pake. Kipara kilikuwa cha moto kwa jua. Akaniuliza nina nini leo, nami sikuondoa mkono.